Niliyemwita Fundi

Gisiri alifika nyumbani kwetu Sori saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Jumatano, betri kubwa ikiwa imefungwa nyuma ya pikipiki yake na antena imeviringishwa kwa leso ya mama yake isije ikakwaruzika. Stima ilikuwa imepotea tangu Jumatatu. Mahojiano yangu na chuo kikuu cha Uholanzi yalikuwa saa tano kamili. Jioni ya jana yake nilimpigia simu nikilia, naye akanijibu kwa maneno mawili tu.

"Nakuja, Fili."

Alitoka Isebania kabla jua halijachomoza. Vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope. Aliponiona mlangoni alitabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, na mimi badala ya kumkimbilia nikageuka kutazama kama Baba ananiona.

Tulikuwa tumependana miaka mitatu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga boma letu. Tulikutana kwenye shahada ya uzamili, wanafunzi wawili pekee tuliochagua kompyuta za kwanta wakati wenzetu wote wakikimbilia kutengeneza programu za simu. Hizo kompyuta ni dhaifu ajabu. Joto kidogo, mtikisiko kidogo, zinakosea hesabu. Kazi yetu ilikuwa kutafuta namna ya kuligundua kosa bila kuigusa hesabu yenyewe. Tuliandika makala moja, jina langu na lake. Tulipohitimu, mimi nikapata kazi ya kufundisha katika chuo cha ufundi Homa Bay, naye akarudi kwao kufundisha hisabati na fizikia kwa mkataba. Wikendi alifungia watu intaneti majumbani, maana baba yake alikuwa amefariki na wadogo zake wanne walimtazama yeye.

Kwa nini sikuwa nimemleta nyumbani? Kwa sababu ya dada yangu Irine. Irine aliolewa Meru, na Baba alikaa miaka minne bila kukanyaga kwake. "Mkwe wangu," alizoea kusema, "ni mtu asiyehitaji mkalimani kumsalimu mama yenu." Gisiri ni Mkuria. Dholuo, lugha yetu, alijua maneno kumi hivi, na sita kati ya hayo nilimfundisha mimi kwa mzaha.

Baba alitoka ndani akiwa na Biblia yake mkononi. Ni mzee wa kanisa la Sabato na mwenye mashine ya kusaga pale senta ya biashara, mtu mrefu, asiyependa kurudia neno. Alimtazama Gisiri, akatazama pikipiki, kisha akanigeukia.

"Nyara, binti yangu, huyu ni nani?"

Swali dogo namna hiyo. Gisiri alikuwa ameshavua kofia, akiwa tayari kusalimia kwa Dholuo. Aliniangalia kwa macho ya mtu anayengoja kufunguliwa mlango.

"Ni fundi wa intaneti, Baba," nikasema. "Ametoka Migori kunisaidia."

Nilisema kwa Kiswahili. Sijui kwa nini sikutumia Dholuo. Labda moyo wangu ulitaka asikie ili aelewe na anisaidie kudanganya.

Aliniangalia kidogo tu. Kisha akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee. Ndiyo, mimi ni fundi."

"Marahaba. Karibu. Fanya kazi mzuri, huyu mtoto ana mtihani na Wazungu."

"Nitajaribu, mzee."

Akafanya kazi. Alipanda juu ya paa la mabati akafunga antena, akashuka, akaunganisha betri, akapitisha waya dirishani hadi mezani. Mara mbili vidole vyetu viligusana juu ya laptopu, na mara zote mbili alivitoa yeye.

"Gisiri," nikanong'ona, "nitamwambia. Leo baada ya mahojiano."

"Usiongee sasa. Pumua. Saa tano imebaki dakika kumi."

Tatizo likawa ule waya. Pale dirishani kichwa chake kilikuwa kimelegea, na ukiuacha mtandao unakatika. Hivyo ikabidi ausimamie, ameushika kwa mkono, hatua mbili kutoka kwangu, nje ya macho ya kamera. Baba alikaa kwenye kochi la karibu na mlango akifungua Zaburi. Kiingereza chake ni cha darasa la saba, cha zamani.

Walikuwa watatu kwenye skrini. Profesa mwenyewe aliyekuwa mama wa nywele nyeupe mwenye sauti ya upole, mzee mmoja aliyeandika tu, na kijana mmoja mtafiti aliyekuwa amemaliza uzamivu mwaka uliopita. Dakika za mwanzo maneno yalinipotea, halafu nikatulia. Nilieleza kazi yetu. Nilijibu vizuri, nasema kweli, nilijibu vizuri.

Kisha Profesa akasema, "Sehemu ya pili ya makala yenu, ile ya kugundua makosa mawili kwa wakati mmoja, imetuvutia sana. Hiyo ni kazi ya nani?"

Ilikuwa kazi ya Gisiri. Aliifikiria wiki tatu, akaja kunionyesha kwenye kantini akiwa hajanyoa ndevu, amefurahi kama mtu aliyepata mtoto.

"Tulifanya pamoja," nikasema.

Yule kijana akainama kwenye kamera. "Na mwenzako, Bwana Gisiri, bado yuko kwenye utafiti? Tuna nafasi mbili za uzamivu mwaka huu, na ya pili bado haijapata mtu. Tulimwandikia kwa anwani ya chuo, barua ikarudi. Unaweza kutuunganisha naye?"

Sikugeuza kichwa. Nilihisi uso wangu ukiwaka moto, na shavu la upande aliosimama Gisiri ndilo lililowaka zaidi. Ilikuwa niseme neno moja. Ilikuwa nigeuze ile laptopu kidogo tu.

"Alirudi kufundisha," nikasema. "Kwa sasa hapatikani."

"Bahati mbaya, tungependa kuzungumza naye," akasema kijana. Wakaendelea na maswali mengine.

Zilibaki dakika ishirini. Kwa dakika zote hizo ishirini mtandao haukukatika hata mara moja. Aliushika ule waya bila kutikisika.

Mahojiano yalipokwisha Baba alitaka tuombe. Tulisimama tukashikana mikono, Baba, Mama, shangazi anayeishi nasi, na mimi. Gisiri alikuwa nje akikunja nyaya. Nilipofumbua macho nikaona kupitia dirisha kwamba Mama alikuwa ameshamwekea kigoda barazani, na sahani ya kuon, ugali wetu, na samaki juu ya kigoda kingine. Sisi tuliandaliwa mezani. Nilikula. Hilo nalo silisahau, kwamba nilikula nikashiba.

Alipokuwa akifunga betri kwenye pikipiki nilimfuata hadi kwenye ua.

"Gisiri, tafadhali."

"Hongera," akasema bila kuniangalia. "Ulijibu vizuri."

"Nitakupigia."

Akavaa kofia. "Mwambie mama yako samaki ilikuwa tamu."

*

Barua ya kunikubali ilifika siku ya tisa. Miaka minne, uzamivu wa kompyuta za kwanta, kuanzia Septemba. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Mimi nilimpigia Gisiri. Simu iliita ikakatika. Nikaandika ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Nikaandika kumi na nne.

Sabato iliyofuata Baba alinisimamisha mbele ya kanisa zima. "Sema asante kwa wote waliokufikisha hapa," akaniambia. Nikawashukuru Mungu, wazazi, walimu, mchungaji na kwaya. Watu wakasema amina. Nikakaa chini nikijua kwamba kwa mara ya tatu nilikuwa nimefunguliwa mlango wa kulitaja jina lake, na kwa mara ya tatu nilikuwa nimelimeza.

Mchana huo huo nikamfuata Baba barazani.

"Baba, yule fundi."

"Fundi gani?"

"Wa intaneti. Anaitwa Elkana Gisiri, wa Isebania. Ana shahada sawa na yangu, tumesoma pamoja. Ile kazi niliyowaeleza Wazungu, nusu ni yake. Nusu iliyo nzuri. Na ndiye mwanamume ninayempenda."

Baba alifunga Biblia taratibu. "Gisiri. Hilo ni jina la Wakuria."

"Ndiyo, Baba."

Alitazama kuku wakichakura chini ya ghala. Niliposubiri anikemee kuhusu Ukuria, alisema kitu kingine.

"Mama yako alimlisha wapi?"

"Hapa nje."

"Na wewe uliona?"

"Niliona."

"Mtu ameendesha pikipiki kutoka mpaka wa Tanzania, ameshika waya kama mlingoti, ni mtu wa moyo wako, tumemlisha nje pamoja na kuku, na wewe unaona! Nilikulea hivyo mimi?"

Machozi yalinitoka. "Ulitulea kukuogopa, Baba. Ulimfanyia Irine miaka minne. Mimi nilihesabu hiyo miaka."

Sijawahi kumjibu baba yangu namna ile. Nilidhani atasimama. Hakusimama. Aligeuza uso upande wa ghala. Baadaye alichukua fimbo yake akaenda senta, ingawa mashine haifunguliwi Sabato.

Jumapili nikaandika barua pepe Uholanzi. Niliifuta mara tano. Mwishowe nikaiandika bila mapambo: kwamba sehemu ya pili ya makala ni wazo la Elkana Gisiri peke yake, mimi nilisaidia kuiandika tu, kwamba siku ile waliponiuliza habari zake alikuwa amesimama chumbani, akinishikia waya wa mtandao, kwamba niliposema hapatikani nilisema uongo. Nikaweka anwani yake na namba yake ya simu. Nikabonyeza kutuma, halafu nikafunga laptopu.

Jumanne nikasafiri kwenda Isebania.

*

Shule yake iko juu ya barabara kuu, malori ya kwenda Sirare yakipita chini yake siku nzima. Mwalimu mmoja, Bwana Machuki, alinielekeza kwenye maabara. Gisiri alikuwa peke yake, anasahihisha madaftari, mikono imejaa chaki. Aliponiona hakusimama.

"Umefuata nini, Filister?"

Hakuwa ameniita Filister tangu mwaka wa kwanza.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Si ungepiga simu."

"Hupokei."

"Basi ungejua maana yake."

Nilibaki nimesimama kwa sababu hakunikaribisha kiti. "Nimekuita fundi mbele ya baba yangu. Nimekudharau, na..."

"Fundi si tusi," akanikatiza. "Mimi ni fundi kweli. Napanda mapaa ya watu kila Jumapili, na sioni haya. Mzee wako nilimwelewa. Hanijui. Ulimwogopa, nikajiambia sawa, huyu atamwambia siku nyingine, mimi ni mvumilivu. Nilikuwa juu ya mabati nimeshakusamehe. Unajua hiyo? Nilishuka nikiwa nimeshakusamehe."

"Gisiri..."

"Lakini yule kijana wa Uholanzi?" Sauti yake ilipasuka, akaishusha. "Yule hakuuliza kabila. Hakuuliza natoka wapi. Aliniulizia mimi, kwa jina langu, na mimi nimesimama pale nasikia. Miaka miwili nimetuma maombi kila mahali, Fili. Kila mahali. Siku hiyo mtu ananitafuta yeye mwenyewe, na wewe unamwambia sipatikani."

"Baba alikuwa pale. Ningesema uko chumbani angeuliza..."

"Baba yako alikuwa anasoma Zaburi. Usimsingizie mzee." Sasa alisimama. "Nimekuuliza mara ngapi kichwani mwangu, kila siku, nikiendesha, nikifundisha. Nakuuliza sasa kwa mdomo. Uliogopa nini?"

Nilikuwa na jibu tayari, nililolitunga njia nzima. Lilikuwa jibu zuri, lenye wazazi ndani yake na mila na hofu ya msichana. Lakini alinitazama kwa yale macho yaliyochoka, nikashindwa kulitoa.

"Niliogopa wakikuona," nikasema, "watajua ni nani kati yetu mwenye akili."

Lori lilipita chini, vioo vya maabara vikatetemeka. Nikaendelea, kwa kuwa ningesimama hapo nisingeanza tena.

"Wewe uliiona ile sehemu ya pili. Mimi nilikaa nayo mwezi mzima ndipo nikaielewa. Niliogopa ukiongea nao dakika tano watakuchukua wewe, na mimi wataniambia asante kwa muda wako. Nilitaka ile nafasi, Gisiri. Niliitaka kuliko nilivyokutaka wewe, kwa dakika ile moja. Nimekuwa nikisema ni Baba. Haikuwa Baba."

Nilijifunika uso. Sijawahi kuona aibu kama ile, ya kusimama mbele ya mtu nimevuliwa kila kitu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilisikia kigoda kikiburutwa. Alikuwa amekaa.

"Asante," akasema kwa sauti ndogo.

"Asante ya nini?"

"Nilijua. Nilitaka tu usiniachie nijue peke yangu."

Nikamwambia habari ya barua niliyoituma. Alinirukia kama nimemmwagia maji ya moto.

"Umeandika nini? Ati ulidanganya? Wakikunyang'anya nafasi?"

"Watakuwa na haki."

"Na mzee wako? Kanisa zima limeshasema amina!"

"Watasema tena kwa mtu mwingine."

Alinitazama muda mrefu, akipangusa chaki kwenye suruali bila kujua kwamba anaichafua. Kwa mara ya kwanza siku hiyo niliona kitu kikilegea usoni mwake, kisha kikakaza tena.

"Wameniandikia jana," akasema. "Wanataka nifanye mahojiano. Sijawajibu."

"Kwa nini?"

"Sitaki kwenda nchi ya watu kwa sababu mtu alinikosea na anajisikia vibaya."

"Hawajali ninavyojisikia. Wamesoma kazi yako. Walikuwa wanakutafuta kabla ya mimi kufungua mdomo, na bado wanakutafuta. Mimi nilikuwa nimesimama njiani tu, sasa nimetoka."

Kengele ikalia, na sauti za wanafunzi zikaanza kujaa kwenye veranda.

"Nina kidato cha tatu," akasema, akichukua chaki. "Fili, sijui kama nimekusamehe. Ile ya fundi niliisamehe siku ile ile. Hii nyingine ni nzito. Usinisukume."

"Sitakusukuma."

Alifika mlangoni akasimama, mgongo kwangu. "Umekula?"

"Bado."

"Kuna mama anauza chapati nje ya geti. Mwambie wewe ni mgeni wa Mwalimu Gisiri."

Nilimwambia. Yule mama alinikaribisha ndani, akapangusa kiti, akanimiminia chai bila kuniuliza zaidi. Nilishindwa kuinywa kwa kilio.

*

Barua kutoka Uholanzi ilifika Alhamisi, na haikuwa ya kupendeza. Profesa aliandika kwamba jina la mtu kwenye kazi yake si jambo la kuchezewa, kwamba ningetakiwa kuwaandikia wajumbe wote watatu maelezo, na kwamba mwaka wa kwanza ningetazamwa kwa karibu. Nafasi sikunyang'anywa. Niliisoma mara nyingi, na kila mara niliona sawa kabisa kwamba imeniuma.

Ijumaa, kabla jua halijashuka, ujumbe ukaingia kwenye simu. *Nimewajibu. Mahojiano ni Jumanne, nitafanyia shuleni, usije.* Nilikuwa bado nimeishika simu kifuani ulipoingia wa pili. *Jumapili mama anapika. Njoo umsalimie. Mzee wako akitaka, aje pia.*

Nilimpelekea Baba simu ausome mwenyewe. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akasoma mara mbili midomo ikicheza. Tangu siku ile ya barazani hatukuwa tumesemezana zaidi ya salamu.

"Jumapili," akasema.

"Si lazima, Baba. Ni mbali."

Alimwita Mama amtafutie koti lake la kijivu, lile la harusi na mazishi. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alinisogezea kiti.

"Kaa hapa. Kiswahili changu ni cha kuuza unga," akasema. "Huyo kijana nikimwambia, ni 'nilikukosea' ama ni 'nilikosea wewe'?"

"Atakuelewa yote mawili, Baba."

"Sikuuliza kama ataelewa. Nauliza iliyo sawa."

"Nilikukosea."

"Nilikukosea," akarudia, taratibu, akiikanyaga kila silabi. "Na mama yake? Kama nataka kumwambia mtoto wake alikuja kwangu na sikumpokea?"

Nikamwambia hilo neno. Akalikosea, akatikisa kichwa, akaanza upya. Mama alisimama mlangoni koti likiwa mkononi, hakuthubutu kuingia. Baba yangu, ambaye hapendi kurudia neno, alikaa pale mpaka giza likaingia, akilirudia na kulirudia, na mimi nikilirudia naye.